Ubao wa pantoni: shajara ya siku 60 za kwanza

Siku ya 1

Chanzo cha yote ni shilingi 8,000. Kikao cha kitongoji cha wiki iliyopita kilipitisha kila kaya ichange 2,000 za kuzibua mtaro unaotoka sokoni, ule unaofurika kila masika. Nilikuwepo. Tuliohudhuria tulitosha kwenye mabenchi matatu ya madrasa. Kesho yake asubuhi niko gatini nasubiri pantoni nivuke Bweni nikadai deni langu, nasikia mchango umeshafika 10,000. Ulipovuka ng'ambo na kurudi mchana, ukawa 10,000 na asiyelipa anakatiwa maji. Hizo 8,000 zimezaliwa njiani, hazina baba.

Mimi ni muuza karatasi. Kiduka changu cha steshenari kiko hatua chache kutoka gatini, upande wa Pangani mjini, na mashine yangu ya fotokopi imepitiwa na kila jambo la mji huu: tanzia, barua za wito, fomu za mkopo, mihtasari ya vikao, kadi za harusi. Karatasi yenye 2,000 niliitoa kopi mwenyewe, kopi nne. Moja iliingia kwenye faili, moja alichukua mwenyekiti, mbili sijui zilikoishia. Hakuna hata moja iliyomfikia mtu anayetakiwa kutoa hiyo pesa.

Basi nimeamua. Ubao wa habari, gatini, penye watu wanaosubiri. Mwalimu, ambaye amestaafu na alinifundisha darasa la sita na mpaka leo sina jina jingine la kumwita, amekubali kuhariri. Kijana wa bodaboda anayeegesha mbele ya duka amekubali kuleta habari za pembezoni, kwa sharti asitajwe. Tutamwita Dogo.

Siku ya 3

Kwa asiyepajua: Pangani mjini iko ukingo wa kaskazini, pale mto unapoingia baharini, na Bweni iko ukingo wa pili. Unaiona kwa macho, na upepo ukikubali unasikia hata adhana yake. Kutoka Tanga ni kama kilomita 50. Gari likitoka Tanga kwenda Ushongo, Kipumbwi au Mkwaja lazima lipande pantoni, na mtu wa Bweni mwenye shida yoyote ya mjini lazima naye apande. Ndiyo maana nikasema gatini. Msikitini hafiki kila mtu, sokoni watu wana haraka, ofisini huendi mpaka uitwe. Gatini mtu anasimama, mikono haina kazi. Mwalimu anasema huyo ndiye msomaji hasa: mtu aliyekwama.

Tumebishana juu ya jina. Mwalimu alitaka tuandike juu kabisa "Mbiu ya Mgambo", kwa sababu ikilia kuna jambo. Dogo akamwambia, "Mwalimu, ukiandika mgambo pale, mama lishe wote watakimbia na masufuria yao." Hana kosa, siku hizi mgambo maana yake ni nyingine. Tumeuacha bila jina. Ni ubao tu.

Siku ya 4

Tumekwenda kwa mtendaji wa kata, Mwalimu akiwa na kanzu yake ya Ijumaa ingawa leo ni Jumanne. Ruhusa tumepewa kwa masharti matatu: pasiwe na kampeni ya chama chochote, pasiwe na matusi, na kila karatasi iwe na jina la aliyeiandika ili kukiwa na neno ajulikane wa kuulizwa. Hilo la tatu nililitaka hata kabla ya kuambiwa. Sisi tuliomba jambo moja, kwamba kila tangazo linalowahusu wananchi lipitie dukani kwangu siku hiyohiyo, na kopi ya ubao nitaitoa bure.

Tulipotoka nje tukamkuta babu mmoja amekaa kibarazani na mkongojo wake.

"Shikamoo babu."

"Marahaba. Nasikia mnataka kubandika makaratasi."

"Ndiyo babu. Habari za mji."

"Mji huu na makaratasi ya kubandikwa wana kisa. Mjerumani na kampuni yake walikuja na amri zao mwaka 1888, hawakumuuliza mtu. Yaliyofuata mmesoma."

Tumesoma. Abushiri bin Salim alinyongwa papa hapa Pangani, Desemba 1889, na hakuna mtoto wa mji huu anayehitaji ubao kumwambia hilo.

"Sisi tunauliza kwanza," Mwalimu akajitetea.

"Vizuri. Basi mimi niwaulize: pantoni ya mwisho leo inavuka saa ngapi?"

Hatukujua, wote wawili.

Siku ya 9

Ubao umesimama. Mwalimu amesisitiza kwamba karatasi ya kwanza kabisa iwe hesabu yetu wenyewe, maana huwezi kumuuliza mwenzio mapato na matumizi na yako umeyakalia. Imeandikwa hivi: plaiwudi 45,000, nguzo mbili za msaji 16,000, kipande cha bati cha kuukinga mvua 12,000, misumari na rangi 17,000, fundi seremala 30,000. Jumla 120,000. Mimi nimetoa 70,000, Mwalimu 40,000, Dogo 10,000 kwa mafungu mawili.

Watu wa kwanza kusimama pale walisoma hesabu hiyo mpaka mwisho, kisha wakaanza kubishana kwamba fundi ametuibia. Fundi mwenyewe alikuwa amesimama nyuma yao.

Siku ya 12

Nimejifunza jambo la mbuzi.

Pini nilizoleta kutoka Tanga zilikuwa zimeshapata kutu siku ya tatu, upepo wa chumvi hauna huruma. Nikaona niwe mjanja, nikapika gundi ya unga wa ngano kama tulivyokuwa tukipika shuleni, nikabandika karatasi nne, nzuri, zimenyooka. Asubuhi nimekuta moja na nusu. Mbuzi wa gatini wamekula ratiba ya kliniki ya watoto, tangazo la kikao, na nusu ya tanzia. Ile waliyoiacha nzima ni ya mbuzi aliyepotea. Dogo amesema wamemficha mwenzao.

Fundi ametengeneza fremu ya mbao yenye wavu wa kuku, inafunguka kwa bawaba. Imegharimu 14,000. Hesabu imebandikwa ndani ya wavu.

Siku ya 16

Nimekaa siku mbili kwenye benchi la muuza kahawa bila kusema kitu, naangalia macho ya watu yanaanzia wapi.

Yanaanzia kwenye tanzia. Mtu akifika, hata kabla hajatua mzigo, anatafuta nani kafariki, anazikwa wapi, saa ngapi, msiba uko kwa nani. Kipaza sauti cha msikiti kimeshatangaza, lakini aliyetoka Kipumbwi hakukisikia. Baada ya tanzia ni saa za pantoni. Baada ya hapo wavuvi wanauliza maji. Mihtasari ya vikao, ile iliyonifanya nianzishe haya yote, inasomwa na watu wa aina mbili, wanaotajwa humo na wanaogombana nao.

Nikashauri tuhamishie maamuzi ya vikao ubavuni mwa tanzia, jicho likitoka huku liangukie kule. Mwalimu alikataa kwa ukali ambao sijauona tangu darasa la sita. "Marehemu hatumfanyi chambo." Tulikaa kimya kidogo, kila mtu na kahawa yake. Mwishowe tumeafikiana hivi: tanzia zina kona yao juu kushoto, peke yao, hakuna kinachozigusa. Maamuzi ya vikao yamekwenda chini ya saa za pantoni, yameandikwa kwa mistari mitatu tu: nini kimeamuliwa, nani atafanya, lini. Muhtasari mrefu uko dukani, anayeutaka aje ausome, na benchi lipo.

Kuhusu maji, Mwalimu ndiye anayeandika kila Ijumaa, anahesabu kwa mwezi mwandamo. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa, na kwa pwani yetu hii bamvua hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na jioni, kisha kila siku husogea mbele kama dakika 50. Katikati ndiyo maji mafu, hayajai wala hayapwi sana. Mvuvi hahitaji kuambiwa hayo, anayajua kuliko kalamu ya Mwalimu. Wanaoyahitaji ni akina mama wanaotaka kujua mashua zitaingia saa ngapi ili wawahi samaki, na madereva, maana maji yakipwa sana na gari zito kupanda pantoni kunakuwa na shughuli yake.

Na wapo wasiosoma, au wanasoma lakini miwani ilivunjika mwaka juzi. Muuza kahawa amejipa kazi hiyo bila kuombwa. Anamwita mtoto wa shule, anasomewa mara moja, kisha anawarudishia wateja siku nzima kwa ufundi wake. Nimemsikiliza. Tarehe hakosei. Chumvi anatia kidogo kwenye mengine, lakini tarehe hakosei.

Siku ya 22

Hii ni siku mbaya, na nitaiandika yote.

Jumatatu nilipigiwa simu na mtu ninayemwamini: Alhamisi pantoni itasimama nusu siku kwa matengenezo. Nikaandika kwa kalamu nene, ALHAMISI PANTONI HAITAVUKA ASUBUHI, nikabandika katikati. Ilikuwa Alhamisi ya wiki inayofuata. Mimi sikuuliza ni ipi, na yeye hakusema.

Leo saa nne mama mmoja wa Bweni amesimama mlangoni, mtoto mgongoni.

"Wewe ndiye dada wa ubao?"

"Ndiye, mama. Karibu."

"Sikai. Alhamisi ilikuwa kliniki ya huyu. Nikasoma karatasi yako, nikavuka Jumatano jioni, nikalala kwa wifi yangu. Wifi yangu na mimi hatusemi tangu Idi. Nimelala kwake kwa ajili ya karatasi yako, asubuhi naamka naona pantoni hiyo inavuka kama kawaida, imejaa watu wanacheka."

Nikamwomba radhi. Nikamwambia nitaandika kwamba nimekosea.

"Andika. Na hatukupatana, usije ukaandika kwamba tulipatana."

Sikuandika hilo pale ubaoni, naliandika hapa.

Tuliitana jioni. Mwalimu hakunigombeza, jambo lililoniuma zaidi. Kuanzia leo hakuna karatasi inayoingia ndani ya wavu bila mambo manne: nani kasema, kasema lini, jambo lenyewe ni tarehe ngapi (jina la siku peke yake halitoshi), na nani wa kuulizwa. Kona ya juu kulia imeandikwa "Tumekosea", kwa herufi zilezile zilizokosea, na kosa linakaa humo siku saba. Dogo aliona siku saba ni aibu ndefu. Nimemwambia huyo mama amebeba mtoto usiku kucha kwa wifi asiyesemeshana naye. Siku saba ni chache.

Siku ya 26

Watu wanaouliza kuhusu 2,000 za mtaro sasa hawaulizi tena kama ni 10,000. Wanauliza swali gumu zaidi: mwaka jana si tulichanga kwa mtaro huuhuu? Zilikwenda wapi?

Sijui. Kwa hiyo nimeandika barua. Ipo Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, na inampa mwenye taarifa siku 30 za kujibu. Nimeandika ukurasa mmoja, kwa adabu, naomba kujua kilichokusanywa mwaka jana, kilichotumika na kilichobaki. Nimeipeleka kwenye ofisi moja inayohusika. Aliyeipokea aliisoma mara mbili, akaniuliza nimetumwa na nani. Nikamwambia nimetumwa na mtaro. Hakucheka, lakini alipiga muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yangu, na muhuri ndio nilioutaka.

Ubaoni tumeweka kikaratasi kidogo: "Barua ya hesabu za mtaro imepokelewa. Leo ni siku ya 1 kati ya 30." Dogo ndiye anayebadilisha namba kila asubuhi.

Siku ya 31

Ugomvi dukani. Mweka hazina wa kikundi cha kukopeshana amekuja na orodha ya wanachama kumi na mmoja ambao hawajarejesha, majina kamili na kiasi wanachodaiwa, anataka ibandikwe. Atalipa, tena vizuri.

Nimemkatalia. Akasema ubao ni wa umma. Nikamwambia ni wa umma kwa mambo ya umma, na deni la mtu kwa kikundi chake si la abiria wa Mkwaja. Isitoshe tuna sheria ya kulinda taarifa binafsi tangu mwaka 2022, na jina langu ndilo lililo chini ya kila karatasi.

"Dada, na hao wakisoma majina yao gatini, wiki moja tu wote wamelipa."

"Watalipa, ndiyo. Na mmoja kati yao atakuwa alishalipa, ila wewe hukuandika."

Alinyamaza, akafungua daftari lake, akaligeuzageuza, akaondoka nalo. Jioni Mwalimu alisema nilifanya vizuri kisha akaniuliza kama duka langu linaweza kuzikosa pesa za yule bwana. Haliwezi, lakini hilo ni la kwangu.

Siku ya 34

Fupi. Kumekuwa na kikao cha watumia maji, malalamiko ni yaleyale, visima vilivyo karibu na mto vinazidi kuwa na chumvi. Mwalimu ameandika maelezo ya mistari kumi ambayo nimeyapunguza kuwa sita. Mto wetu unaanzia huko Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unazungusha mitambo ya umeme Hale na Pangani Falls, unamwagilia mashamba ya watu wengi kabla haujatufikia. Maji matamu yakipungua huko juu, bahari inapanda mtoni zaidi kuliko zamani. Mtu mmoja ameandika kwa penseli pembeni, kupitia matundu ya wavu: "Kwa hiyo tumwandikie barua nani, Kilimanjaro?" Tumeiacha.

Siku ya 38

Leo ubao haukusomwa, umesikilizwa. Usiku kulipita sauti kwenye kundi la WhatsApp ikisema pantoni inaondolewa mwezi ujao na wafanyabiashara wote wa gatini wahame. Asubuhi mama lishe walikuwa wamesimama mbele ya ubao wanasubiri nifungue duka.

Chanzo cha wasiwasi ni cha kweli, daraja linajengwa. Mita 525 juu ya mto, kwenye barabara itakayotoka Bagamoyo kupitia Saadani na hapa mpaka Tanga. Hakuna aliyelipinga hata siku moja, mimi nikiwemo. Nani anapenda kukaa na mgonjwa kwenye gari ng'ambo huku pantoni iko upande wa pili? Lakini kuna watu ambao maisha yao yote ni ile nusu saa ya kusubiri: muuza kahawa, wauza mihogo ya kukaanga, vijana wa mitumbwi, mama wa maandazi, na huyu mwenye steshenari.

Tumekwenda kuuliza pale penye wenye kujua. Jibu: hakuna tangazo lolote la kuhamisha mtu mwezi ujao. Tukaliandika na mambo yake manne. Mama lishe mmoja akasoma, akaniuliza, "Mwezi ujao hakuna. Na mwezi ule mwingine?" Nikamjibu kwamba ubao unaandika kilichosemwa. Akaniangalia kama mtu anayeangalia samaki wa jana. Kwa kweli jibu langu lilikuwa la kiofisi, nami nililijua wakati linatoka mdomoni.

Usiku nimefikiria jambo ambalo sijamwambia Mwalimu. Msomaji wetu ni mtu aliyekwama. Daraja likifunguka hatakwama tena.

Siku ya 43

Habari iliyoleta watu wengi dukani kuliko zote: mikopo ya halmashauri. Tumeandika yale tu yasiyo na ubishi, kwamba ni asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 za wanawake, 4 za vijana, 2 za watu wenye ulemavu, haina riba, ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024. Tukaongeza mstari wa mwisho kwa herufi kubwa: USIMLIPE MTU YEYOTE ILI UPATE MKOPO. Kijana mmoja alisimama mbele ya mstari huo muda mrefu, akapiga simu, akaongea kwa sauti ya chini na ya hasira. Sikuuliza.

Siku ya 49

Barua imejibiwa, siku ya 24 kati ya 30. Nina hakika kilichoileta ni ile namba ya Dogo. Abiria walikuwa wameanza kuulizana "leo ya ngapi?" kama watu wanaongoja mwezi wa Ramadhani.

Ni karatasi moja ya kuandikwa kwa mkono. Iliyokusanywa mwaka jana: 386,000. Matumizi: saruji mifuko minane 136,000, fundi 120,000, mchanga 60,000, usafiri 3,000. Jumla ya matumizi 346,000. Salio 40,000.

Mwalimu alijumlisha kwa kichwa kabla sijaweka kikombe chini. "Hii ni 319,000." Akarudia kwa kalamu. 319,000. Zinakosekana 27,000.

Dogo alitaka tuandike "ZIMELIWA". Mimi, kusema kweli, nilitaka pia, kwa dakika mbili hivi. Mwalimu alitupa swali moja: nani kasema? Hakuna aliyesema zimeliwa. Karatasi imesema jumla ni 346,000 na kalamu yetu imesema 319,000. Basi ndivyo tulivyobandika: kopi ya karatasi yao kama ilivyo, na chini yake mstari mmoja, "Tulipojumlisha sisi tumepata 319,000. Tumeomba ufafanuzi."

Siku ya 50

Saa mbili na nusu asubuhi, pantoni ya kwanza bado haijajaa, bwana wa ile ofisi kaja mwenyewe, jasho linamtoka, na daftari la stakabadhi kwapani. Usafiri ulikuwa 30,000. Alipokuwa ananakili alidondosha sifuri moja. Stakabadhi ya kirikuu ipo, tumeiona, tarehe na kila kitu.

Tumejumlisha upya: 346,000. Sawa.

Tukafungua wavu mbele ya watu, tukaweka kopi ya stakabadhi. Yule bwana akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Sasa hii nayo mtaiweka kwenye Tumekosea?" Mwalimu akamwambia kosa si letu, lakini akitaka nafasi humo tutampa. Ameichukua. Ameandika kwa mkono wake: "Sifuri moja ilisahaulika." Watu wamekwenda kuisoma makusudi. Muuza kahawa anaisimulia kwa sauti tatu tofauti.

Siku ya 54

Kikao cha kitongoji. Mabenchi ya madrasa yalijaa, waliobaki walisimama dirishani. Sisemi ni ubao tu, mvua za kwanza zimeshaanza kunyesha usiku na mtaro umeshaanza kunuka.

Mwenyekiti alianza na salio la 40,000, akalitaja kabla hajaulizwa. Mchango umebaki 2,000. Kisha mama mmoja muuza samaki akasimama akasema maneno ambayo hayakuwa kwenye ajenda: mtaro ule hauzibwi na mvua, unazibwa na makumbi ya nazi na magamba ya samaki, na wanaotupa wote wamo humu ndani, "nikianza na mimi". Pakawa kimya, halafu kicheko. Ikaamuliwa kwanza msaragambo, Jumamosi saa moja asubuhi, kila kaya mtu mmoja na jembe au ndoo, kisha ndipo fundi aitwe.

Mistari mitatu ilikuwa ubaoni kabla ya magharibi: nini, nani, lini. Na tarehe.

Siku ya 58

Msaragambo umefanyika. Waliofika walikuwa wengi kuliko majembe. Tulitoa makumbi mpaka tukafika kwenye matabaka ambayo wazee walisema ni ya enzi zao. Kwenye tope alipatikana ufunguo wa stoo moja ya soko ambao kesi yake ilikuwa imeshafika kwa mwenyekiti. Mwalimu alishika ndoo mpaka saa nne, ndipo kijana mmoja alipomnyang'anya kwa heshima. Bado kipande cha mwisho, karibu na mto, kinangoja maji yapwe mchana, na Mwalimu ameandika siku inayofaa kwa hesabu yake ya mwezi. Babu wa mkongojo ameipitia akamsogeza siku moja mbele. Tumefuata ya babu.

Siku ya 60

Wamekuja akina mama watatu kutoka Bweni, mmoja wao ni yule wa kliniki. Hoja yao ni nyepesi na inaniaibisha kwa kuwa sikuiona: ubao uko upande mmoja. Wao wanausoma wakishavuka, nauli imeshatoka. Kama pantoni inasimama, au kikao kimeahirishwa, au mganga hayupo leo, wanatakiwa kujua kabla ya kupanda.

"Na daraja likiisha?" Mwalimu akauliza. Kumbe naye alikuwa analifikiria.

Mama wa kliniki akajibu, "Likiisha mtauhamisha. Ubao si mnazi."

Kwa hiyo kuna ubao wa pili. Plaiwudi nimeipata kwa 43,000, hesabu iko ubaoni. Mambo manne yatakuwa yaleyale, na mama wa kliniki ndiye atakayesimamia upande wao. Jina lake litakuwa chini ya karatasi kama langu. Wifi yake ana duka lenye kibaraza kizuri karibu na gati la Bweni, pahali hasa panapofaa. Amesema tutafute pengine.

Kesho Dogo anavusha plaiwudi na pantoni ya kwanza. Nguzo tumeambiwa tusilete, wanazo. Wametaka herufi nene, wavu wenye matundu madogo, na tusithubutu kuja na gundi ya ngano, maana Bweni nako kuna mbuzi.